Gari la rimoti likikwama jiweni, usilaumu mota: fungua ekseli!

MPENZI msomaji, wiki hii naomba tupumzike kidogo na habari za mavazi, harusi na nani kamwacha nani. Nataka tuzungumze magari. Si haya ya kugombea siti asubuhi, la hasha! Nazungumzia yale madogo ya rimoti.

Usicheke kwanza. Sisemi yale ya plastiki ya sebuleni, ambayo yakigonga mguu wa meza tu ndiyo basi tena. Haya ni mengine kabisa. Yana urefu wa karibu nusu mita, kilo mbili hadi tatu na ushee, chasisi ya kweli, shokapu nne, propela mbele na nyuma, na magurudumu yenye kashata kama trekta. Kazi yake si kukimbia. Kazi yake ni kupanda mawe, tena polepole, kama kinyonga anayejua anakokwenda.

Mwenye gari la mbio atakwambia habari za spidi. Mwenye gari la kupanda mawe, ukimkuta kijiweni, atakwambia habari ya kitu kimoja tu: ekseli. Ekseli ikiwa nzima, gari linapanda. Ikiwa kimeo, hata ulifunge mota ya namna gani, utabaki unalitazama linavyopiga kelele huku limeganda kama limepigwa msumari.

YALIANZIA WAPI?

Kwa wale wanaopenda kujua asili ya mambo, hadithi yenyewe ni hivi. Mwaka 1981, kampuni ya Tamiya ya kule Shizuoka, Japani, ilitoa gari la rimoti la mfano wa Toyota Hilux, pikapu ya fowili yenye gia tatu. Lilikuwa dogo mara kumi kuliko Hilux yenyewe. Hilux, unaijua mwenyewe, si gari la kuelezwa kwa Mtanzania.

Halafu mwaka 1987 wakatoa jingine liitwalo Clod Buster, gari lenye magurudumu makubwa kama maboga. Hili lilikuwa na mota mbili, moja juu ya kila ekseli, na magurudumu yote manne yanakata kona. Lilitengenezwa kwa mbwembwe za kuruka na kukanyaga vitu. Lakini Wamarekani wapenda mawe, ambao kwao kuna sehemu maarufu za kupandisha majipu kama Moab kule Utah na njia ya Rubicon kule California, wakaziona zile ekseli wakasema: hee, hizi zinatufaa! Wakazing'oa, wakazifunga kwenye chasisi za kujitengenezea nyumbani, wakaanza kupanda majabali.

Kwa hiyo usishangae ukisikia wenye mchezo huu wanazungumza ekseli kuliko gari lenyewe. Mchezo ulikua kwa watu kung'oa ekseli ya gari hili na kuipachika kwenye lile. Baadaye ndipo kampuni zikaanza kutengeneza magari maalumu ya kazi hiyo. Mwaka 2016 Axial ya Marekani ilitoa SCX10 II, na mwaka 2017 Traxxas, ya Marekani pia, ikaja na TRX-4. Hayo mawili tutayarudia hapo chini.

NDANI YA HAUSINGI KUNA NINI?

Hebu tufungue. Usiogope, hakuna damu.

Ekseli ya gari hili ni kama ya Land Rover ya zamani iliyofinywa ikaingia kiganjani. Nje kuna hausingi, yaani lile bomba lenye tumbo katikati. Ndani ya tumbo kuna gia mbili. Ndogo ni pinioni, inayoletewa nguvu na propela. Kubwa ni kraunwili, inayoipokea nguvu ile na kuigeuza iende kushoto na kulia. Kutoka hapo zinatoka shafti mbili, kila moja na gurudumu lake. Za mbele zina sivijointi, kwa sababu gurudumu lazima lizunguke na papo hapo likate kona. Kila kinachozunguka kimekalia beringi.

Sasa hesabu ndogo, wala haihitaji kalamu. Ekseli za SCX10 II zilikuja na pinioni ya meno 8 na kraunwili ya meno 30. Gawanya 30 kwa 8, unapata 3.75. Maana yake propela izunguke mara tatu na robo tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Spidi imepungua, nguvu imeongezeka. Ndiyo maana kigari cha kilo tatu kinapanda jiwe ambalo wewe ungeshika kiuno kwanza.

Jambo jingine wengi hawalijui. Magari mengi ya kupanda mawe hayana difu kama tunalolijua barabarani. Difu la kawaida linaruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti, ili ukate kona kwa raha. Lakini mlimani, gurudumu moja likining'inia hewani, difu hilo linapeleka mzunguko wote kwa lile lisilo na kazi. Linazunguka bure kama feni, na lililo ardhini limesimama linatazama. Kwa hiyo wanafunga moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanakwenda pamoja kama pingu. Gharama yake ni kwamba kona zinakuwa ngumu na shafti zinabeba mzigo mkubwa. Kumbuka hilo.

KRAK-KRAK YA MABATINI

Mimi mchezo huu niliujulia Mwanza. Na kweli, kama kuna mji Tanzania ulioumbwa kwa ajili ya magari haya, ni ule. Mawe kila kona! Kuna majabali yamekalia mabega ya nyumba za watu huko Mabatini na Igogo, na lile la Bismarck limesimama ziwani kama mlinzi wa zamu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Mabatini. Mjomba wetu mmoja anayefanya kazi Maskati alimletea gari la rimoti la kupanda mawe. Kampuni sitaitaja. Mwezi wa kwanza ilikuwa raha, watoto wa mtaa mzima wanamfuata kama bwana harusi. Mwezi wa pili ekseli ya mbele ikaanza kulia: krak, krak, krak. Kila akilipandisha jiweni, mota inavuma, magurudumu ya mbele yanatetemeka tu.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Yule kijana alikuwa na fedha. Fedha zenyewe si za kuchezea: ni za ada ya kuanza VETA, fani ya ufundi magari. Mama mdogo anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na kila mwisho wa wiki alikuwa anaweka kidogo kidogo kwenye kopo kwa ajili ya mwanawe. Kijana akaona kwenye simu seti nzima ya ekseli mbili za aluminiamu, zinang'aa kama mapambo ya bibi harusi. Akapiga hesabu, bei na usafiri na ushuru: kopo lote linakwisha!

Akaniambia, "Kaka, hizi nikifunga, gari halivunjiki tena. Ada nitaitafuta."

Nikamwuliza, "Kilichovunjika ni nini?"

"Ekseli."

"Ekseli ina vitu zaidi ya kumi ndani. Kipi?"

Kimya.

Nikambeba yeye na gari lake mpaka gereji moja ya jirani, kwa fundi mtu mzima ambaye amekula chumvi nyingi chini ya Land Rover. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mmeniletea mgonjwa gani?" Tukamwekea kile kigari mezani. Mafundi wadogo wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alivaa miwani yake, akaomba alenki ndogo, akafungua skrubu za mfuniko wa difu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa.

Akaishika pinioni kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza. Akaishika kraunwili, nayo ikasogea pembeni. Akatuonyesha meno: ncha zimeliwa, mashina ni mazima kabisa, bado yana rangi ya dukani.

"Mnaona?" akasema. "Meno yamekutana kwenye ncha tu. Kraunwili imekaa mbali na pinioni. Hata Land Rover ukiifunga hivi, haifiki Usagara."

Hausingi? Nzima. Shafti? Zimenyooka. Sivijointi? Hazina tatizo. Beringi mbili zilikuwa zinakwaruza kwa mchanga wa ziwani. Kwa hiyo mgonjwa hakuhitaji mwili mpya. Alihitaji meno mapya, beringi mbili, na kitu kimoja kidogo ambacho bei yake haifiki hata sahani ya chipsi.

KISAHANI CHA MAAJABU

Kitu chenyewe kinaitwa shimu. Ni kisahani chembamba cha chuma chenye tundu katikati, chembamba kama wembe. Unakiweka kati ya kraunwili na beringi ili kuisukuma ielekee kwenye pinioni. Kazi ndogo, lakini ndiyo roho ya ekseli nzima.

Namna ya kuifanya ni hii, na unaweza kuikata ukaibandika ukutani:

Kwanza, chomoa propela ili ekseli ibaki peke yake. Fungua, futa grisi ya zamani yote, tazama kila jino.

Pili, weka shimu moja upande wa nyuma wa kraunwili, yaani upande usio na meno. Funga, kisha zungusha pinioni kwa vidole.

Tatu, sikiliza kwa vidole vyako. Ikicheza sana mbele na nyuma, ongeza shimu. Ikikaza au ikiwa nzito, umezidisha, punguza. Inayotakiwa ni ile inayocheza kiduchu tu, kama unene wa unywele.

Nne, zungusha duara zima, si nusu. Gia nyingine ni laini upande mmoja na nzito upande wa pili. Lazima iwe laini kote.

Tano, kraunwili isisogee kushoto wala kulia. Kama bado kuna nafasi upande wa pili, jaza na huko.

Sita, paka grisi kwenye meno. Kiasi. Si kuisheheneza kama unapaka siagi mkate wa mgeni.

Ukifanya hivyo kwenye gari jipya kabla hujalipeleka jiweni hata mara moja, umejiokolea fedha nyingi. Huo ndio uboreshaji wa kwanza, na ndio wa bei nafuu kuliko wote.

UKIKAZA HAPA, PANAKATIKA PALE

Sasa tuje kwa wale wenye fedha zao zinazowawasha mfukoni. Ekseli ni mnyororo. Ukiimarisha pete moja, pete dhaifu inayofuata ndiyo inayokatika. Ukiweka gia za chuma kigumu, shafti inapinda. Ukiweka shafti ngumu, nako inapasuka, yaani kile kipande kinachoshika gurudumu na kugeuka unapokata kona. Ukiweka nako ya chuma, hausingi inalia.

Ndiyo maana wazoefu wanapandisha ngazi moja moja. Baada ya shimu na grisi, wanaweka kraunwili na pinioni za chuma kigumu. Kisha shafti za mbele zenye sivijointi imara, kwa sababu za mbele ndizo zinazoteseka, hasa ukikata kona mpaka mwisho huku umekanyaga moto. Kisha nako na mikono ya stelingi. Hausingi ya aluminiamu ni ya mwisho, na wengine hawaifikii kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu plastiki nzuri ina faida zake. Ikilalia jiwe, inateleza na gari linapita. Aluminiamu inakwaruzwa, na mahali pengine inashika jiwe kama kucha. Tena plastiki inanesa kidogo na kurudi, wakati chuma kikipinda kimepinda.

Angalizo moja: skrubu inayoingia kwenye chuma, ipake gundi ya kuzuia nati isilegee, maana mtetemo utaifungua. Inayoingia kwenye plastiki usiipake, kuna plastiki ambazo gundi hiyo inazipasua.

UZITO: MWEMBAMBA JUU, MNENE CHINI

Gari la kupanda mawe linapinduka kwa sababu uzito uko juu. Dawa yake si kuongeza uzito ovyo, ni kuuweka chini. Na hakuna kilicho chini zaidi ya magurudumu na ekseli.

Hapa ndipo shaba ya njano inapoingia. Sentimita moja ya ujazo ya aluminiamu ina gramu 2.7 hivi. Ya shaba ya njano ina kama 8.5. Mara tatu na zaidi, kwa ukubwa uleule! Kwa hiyo wanaweka nako za shaba, mifuniko ya difu ya shaba, na kwa kawaida wanazidisha mbele kuliko nyuma, ili pua isinyanyuke gari linapopanda.

Wa kwetu walivyo wabunifu, kuna waliogundua njia yao. Wanakwenda kwa wauza matairi kuomba zile risasi za kubalansia magurudumu, zenye gundi mgongoni, na kuzibandika ndani ya ringi. Inafanya kazi safi. Ila nakusihi: risasi ni sumu. Usiiyeyushe jikoni kwa mama, usiikate kwa meno, na ukimaliza kuishika nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa ugali.

Na usizidishe. Kila gramu unayoongeza gurudumuni, sevo ya stelingi inaibeba na zile gia zako zinaibeba. Ukiona magurudumu hayakati kona wakati gari limesimama, umemtwisha punda mzigo wa lori.

MENO 33 NA EKSELI ZA POTALI

Kwa waliobobea, kuna mbinu mbili za kumalizia.

Ya kwanza ni kubadili hesabu ya ekseli ya nyuma peke yake. Badala ya kraunwili ya meno 30, unaweka ya meno 33 na pinioni yake ya 8. Inakuwa 4.125 badala ya 3.75, yaani magurudumu ya nyuma yanakwenda polepole zaidi. Ukilinganisha, ya mbele yanatangulia kwa asilimia 10. Yanalivuta gari, na kwenye mwinuko mkali pua haigeuki nyuma kirahisi. Kona nazo zinafupika. Lakini kwenye sakafu ya saruji, mbele na nyuma zinavutana kama wake wenza, na gia ndizo zinazolipia. Kama kazi yako ni barazani, achana nayo.

Ya pili ni ekseli za potali, kama zile za lori la Kijerumani liitwalo Unimog. Hizi zina gia za ziada palepale gurudumuni, kwa hiyo bomba la ekseli linakaa juu kuliko katikati ya gurudumu. Faida ya kwanza, jiwe refu linapita chini bila kugusa. Faida ya pili imejificha: kwa kuwa nguvu inaongezwa mwishoni kabisa, propela na shafti zinabeba mzigo mdogo. TRX-4 ya mwaka 2017 ilikuja nazo tangu kiwandani, pamoja na difu unaloweza kulifunga na kulifungua kwa rimoti. Hasara yake? Gia zimeongezeka, na kila gia ni mdomo unaotaka grisi. Ukipita kwenye tope, una nyumba nne zaidi za kufungua, kufuta na kukausha.

NA YULE KIJANA?

Najua unauliza. Gia na beringi zililetwa na mjomba kupitia msafiri, kwenye bahasha ndogo kuliko ya kadi ya mwaliko. Shimu pamoja nazo. Tulifunga wenyewe, mzee wa gereji akiwa amekaa kwenye ndoo anatazama tu, akisema "rudia" kila tulipokosea unywele. Tulirudia mara nne. Mara ya tano akatikisa kichwa kukubali.

Kopo la mama mdogo lilipungua kidogo sana. Ada ikalipwa. Kijana akaanza masomo, na kuna siku alinipigia simu sauti iko juu. Mwalimu alikuwa amefungua difu la Hilux mbele ya darasa, akauliza nani anaweza kueleza kwa nini meno yameliwa ncha tu. Darasa zima kimya. Yeye akanyoosha mkono.

Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, ukimkuta mwanao kakaa sakafuni kazungukwa na skrubu, usiwahi kusema anapoteza muda. Mwulize kwanza kavunja nini, na anajua kwa nini. Akikujibu "ekseli" tu, mrudishe akafungue. Akikujibu "pinioni, meno yamekutana kwenye ncha", basi, mama, baba, hapo nyumbani kuna fundi.

Na wewe kijana mwenzangu, kabla hujatoa hela kwa vinavyong'aa, chukua alenki kwanza.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Tutarudi kwenye mambo yetu ya mjini.